Sanduku la Leso



Mwezi wa pili baada ya kumzika mama yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, tulilifungua sanduku lake. Tulikusudia kuvitambua vilivyomo ili mirathi igawanywe kama sharia inavyoamuru. Hatukukuta dhahabu. Tulikuta leso, nyingi kuliko tulivyodhani, zimekunjwa pea kwa pea na kufukizwa udi. Nyingine zilikuwa zimefifia kwa kufuliwa. Moja ilikuwa mpya kabisa, vipande vyake viwili havijakatwa wala kupindwa.

Ndugu yetu mdogo, aliyeolewa Muscat, alikuwa akitutazama katika simu. Akauliza swali jepesi: "Hii ya kisutu ilikuwa ya harusi ya nani?" Tukatazamana. Sote tulizaliwa na kulelewa katika nyumba hiyo ya Mji wa Kale, na hakuna aliyekuwa na jibu.

Siku ya pili tulitia leso tatu katika kikapu tukaenda Biashara Street. Maduka ni yale yale tuliyopelekwa tukiwa watoto: leso zimetundikwa milangoni, na mafundi wa cherehani wanangoja kukata na kupinda. Tulimwendea muuzaji mmoja mtu mzima aliyemjua mama. Aliipokea leso ya kwanza, akaushika upindo wake, akatwambia chapa yake na kwamba mchoro huo haujapigwa siku nyingi. Tulipomwuliza mama aliinunua kwa jambo gani, alitabasamu kwa upole. "Wanangu, mimi huuza nguo. Habari zake mlikuwa nazo nyumbani."

Neno hilo lilituuma, kwa kuwa ni kweli.

Mtaa huu umehifadhi mengi. Duka la Kaderdina Hajee Essak, ambalo leso zake watu wengi wanazijua kwa maneno "Mali ya Abdulla", lilianza biashara Mombasa mwaka 1887. Jina lenyewe la leso limetoka kwa Wareno, walioita hivyo vitambaa vya mkononi. Husimuliwa kwamba wanawake wa pwani walivinunua vikiwa havijakatwa, wakavishona pamoja hata vikawa nguo moja ya kujitanda. Baadaye nguo nzima ikapigwa chapa, ikawa na pindo pande zote, mji katikati, na jina chini yake. Majina hayo hapo zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha yakaja kuandikwa kwa herufi za Kirumi kama tunavyoyasoma leo.

Lakini duka huhifadhi nguo, halihifadhi maisha ya aliyeivaa. Leso moja humpokea mtoto anapozaliwa, humbeba mgongoni, husaliwa, hufunikwa mgonjwa, na siku ya mwisho hushikwa kuwa sitara maiti anapooshwa. Mambo hayo hayapigwi chapa. Yasipoandikwa na wenyewe, huzikwa na wenyewe.

Wala kuandika si jambo geni kwa wanawake wa pwani yetu. Mwana Kupona binti Msham wa Pate alitunga utendi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, ili amwachie binti yake Mwana Hashima mawaidha. Mama mmoja alimwandikia mwanawe mmoja, na leo twausoma sote. Hapa Mombasa, katika miaka ya 1970, Sarah Mirza na Margaret Strobel waliketi na bibi watatu wa mji huu wakawasikiliza: Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy. Masimulizi yao yalitoka katika kitabu cha Kiingereza mwaka 1989, na cha Kiswahili mwaka 1991. Bi Kaje alikuwa wa Thenashara Taifa. Mishi alitoka katika kizazi cha watumwa. Walisimulia harusi, ngoma za lelemama, ndoa zilizodumu na zilizovunjika. Hawakuwa wakuu wa serikali wala matajiri wa kutajwa magazetini. Walikuwa na kumbukumbu, na alipatikana wa kuziandika.

Basi tulinunua daftari. Tuliamua kila leso iwe na ukurasa wake, na juu ya ukurasa liandikwe jina la leso kama lilivyo. Chini yake tuliandika mambo matatu tu: nani aliinunua au kuitoa, kwa tukio gani, na nani ametuambia. Hili la tatu lina maana, kwani wanavyuoni wetu wametufunza kuwa habari hupimwa kwa msimulizi wake. Pasipo na msimulizi tuliacha mahali patupu, wala hatukujaza kwa dhana.

Kisha tukamwendea mama mdogo, ndugu wa pekee wa mama aliyebaki. Tulimwandalia kahawa na kaimati, tukazitandika leso mbele yake moja moja. Ile ya kisutu ilikuwa ya harusi ya mama mwenyewe. Nyingine alitunzwa na jirani wa Kihindi siku kaka yetu alipotahiriwa. Nyingine alijifunga mwaka aliporudi Hija. Mama mdogo alisema, nasi tukaandika, hata tukaifikia ile ambayo haikupindwa.

Aliisoma jina, akanyamaza kitambo. Jina lenyewe hatutalitaja hapa. Ni katika yale ya mafumbo, yanayovaliwa ili mtu fulani alisome na uchungu umwingie. Sisi tulikwisha kudhani limekusudiwa mke mwenza, na tulikuwa tukitazamana kwa macho ya kujua.

"Hii alininunulia mimi," akasema. "Tuligombana kwa kiwanja cha baba. Mwaka mzima hatukusemezana. Nikaambiwa ameonekana Biashara Street akichagua leso, nikajua ni yangu. Kila harusi nilikwenda nikiingoja. Sikuiona hata siku moja."

Tulimwuliza kama jambo hilo liandikwe au lisitiriwe. Tulikuwa na hofu ya haki. Dini yetu imekataza kusengenya, na aliyekufa hawezi kujitetea. Familia nyingi huacha kuandika kwa hofu hiyo hiyo: kuna talaka, kuna ugomvi wa urithi, kuna asili za watu ambazo hazisemwi kwa sauti. Sisi tumeafikiana hivi: la aibu ya mtu halitaandikwa bila idhini yake, na la marehemu litaandikwa kwa wema au litaachwa.

Mama mdogo alijifuta macho kwa upindo wa leso yake. "Andikeni," akasema. "Andikeni tuligombana, ni kweli. Na mwandike kwamba hakuipinda."

Ukurasa huo ndio mfupi kuliko zote, na ndio watoto wetu wanaoupenda kusomewa. Ndugu yetu wa Muscat ameomba nakala ya daftari zima. Anasema binti yake, ambaye Mombasa kwake ni mahali pa likizo, sasa huuliza habari za nyanya yake kwa majina ya leso.

Leso zimegawanywa, kila mwenye fungu amepata fungu lake. Ile moja warithi wote wamekubali apewe mama mdogo. Ameitia sandukuni kwake, vipande viwili vikiwa bado vimeshikana.

Enyi mama na mabinti, wazee wenu wangali hai. Ketini nao wiki hii, na kalamu iwe karibu; Mwenyezi Mungu ameiapia kalamu katika Kitabu chake. Awarehemu waliotutangulia, na atujaalie warithi watakaotukumbuka kwa kheri. Amin.