Mwanao Akitaka Kuwa Fundi Friji

Mama mpendwa wa Lushoto, baridi ya Usambara isikudanganye: chanjo za watoto wetu hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na friji ya zahanati ikiharibika anahitajika fundi. Basi mwanao, wa kike au wa kiume, akiomba kushuka Tanga kujifunza kazi hiyo, usimcheke.

Kabla ya kumkabidhi, mwulize fundi: atamfundisha umeme na kuchomelea mabomba, au atamtuma chai tu? Gesi inayovuja huitafuta kwa povu la sabuni, au kwa moto? Friji nyingi za sasa hutumia R-600a, gesi inayowaka. Pataneni na muda.

Akishaiva, VETA huwapima waliojifunzia kazini na kuwapa cheti. Mpe baraka zako, mama, na nauli.