Wataalamu Wanaowasaidia Wasiopata Mtoto

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matano kwa herufi kubwa, ili hata walioketi nyuma wayaone: YAI, MBEGU, MIRIJA, MAABARA, KIINITETE. Wanafunzi wayasome kwa sauti mara mbili, kisha tuendelee.

Somo letu linahusu mume na mke ambao wamekaa mwaka mmoja au zaidi, wakilala pamoja bila kutumia njia yoyote ya kuzuia mimba, na mimba haikuingia. Mwaka mmoja ndio mpaka wa kungoja waliokubaliana madaktari. Ikiwa mke amepita miaka 35, wasingoje zaidi ya miezi 6. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu kwamba katika kila watu wazima 6, mmoja hupatwa na shida hii wakati fulani wa maisha yake. Kama darasani mmeketi watu 30, fanyeni hesabu wenyewe.

Twajua jinsi mambo yanavyokwenda nyumbani. Mwaka wa kwanza watu hunyamaza. Mwaka wa pili mama mkwe huanza kuuliza. Mwaka wa tatu mke huitwa tasa, na wa nne huenda akarudishwa kwao, au mume huoa mke mwingine. Na katika muda huo wote, mume hajapimwa hata siku moja! Shauri hilo limekatwa bila shahidi. Kwa kweli, karibu nusu ya ndoa zisizopata mtoto, tatizo liko kwa mume, ama kwake peke yake, ama kwake pamoja na mkewe.

Sasa tuje kwa wataalamu. Wengi wetu tukisikia kliniki ya uzazi, twadhani ni daktari mmoja mwenye koti jeupe. Kumbukeni kivuko cha hapa Kigongo, kabla daraja la kwenda Busisi halijafunguliwa mwezi wa Juni 2025. Abiria alimwona nahodha juu, na mtu wa kukata tiketi. Hakumwona fundi wa injini aliyekuwa chini katika joto na kelele, lakini bila fundi huyo hakuna aliyevuka. Kliniki ya uzazi nayo ni hivyo hivyo.

Mtaalamu wa kwanza ninayetaka mumjue hana cheo kikubwa. Ni mtu wa maabara mwenye hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Yeye humpima mume. Mume hukaa siku 2 hadi 7 bila kutoa manii, kisha huyatoa katika chupa safi, nayo hupelekwa maabara kabla ya saa moja kupita. Mtaalamu huhesabu mbegu, huangalia kama zinaogelea, tena huangalia umbo lake. Kijiko kimoja cha chai hujaa mililita 5. Katika mililita moja tu, mtu wa maabara hutazamia kuona mbegu zisizopungua milioni 16 hivi. Zikipungua hapo, haina maana kwamba mtu huyo hawezi kuzaa, bali kuna sababu ya kuendelea kuchunguza.

Wanaume wa darasa hili, sikilizeni neno hili vizuri. Nguvu za kiume na mbegu za uzazi ni vitu viwili mbalimbali. Mwanamume anaweza kuwa hodari kitandani, akalima heka nyingi, akavuta nyavu usiku kucha, na katika manii yake isionekane mbegu hata moja. Hatajua kwa kujitazama, wala mkewe hatajua. Hadubini ndiyo itakayoonyesha. Kipimo hiki hakina sindano wala kisu, na gharama yake ni ndogo kuliko vipimo vingi vya mke. Ndiyo maana mimi nashauri kianze mapema, siku zile zile mke anapoanza vipimo vyake. Ikionekana kuna hitilafu, mume hupelekwa kwa daktari wa njia ya mkojo na uzazi wa kiume.

Upande wa mke yuko daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake. Kabla ya kushika chombo chochote, yeye huuliza: Hedhi huja kwa mpango? Uliwahi kuharibu mimba? Uliwahi kuugua tumbo la chini, ukiwa na homa na uchafu unaonuka? Usimfiche, hata kama mume ameketi karibu. Omba kuzungumza naye peke yako. Hiyo ni haki yako. Baada ya maswali, damu hupelekwa maabara kupima homoni, na mtaalamu wa picha hutazama mfuko wa uzazi na mayai kwa mashine ya ultrasound.

Halafu iko picha ya mirija. Mirija ni mifereji miwili, kila mmoja una urefu wa sentimita 10 hivi, na humo ndimo mbegu ya mume hukutana na yai. Tundu lake katika sehemu nyingine ni jembamba sana. Daktari hupitisha dawa inayoonekana kwenye picha ya eksirei. Dawa ikimwagika upande wa pili, njia iko wazi. Ikikwama, njia imeziba.

Ni nini huiziba? Katika nchi zetu, mara nyingi ni makovu ya magonjwa ya zinaa, hasa kisonono na klamidia, au ugonjwa ulioingia baada ya kuzaa au kuharibu mimba. Klamidia ni mwizi wa kimya, kwani wanawake wengi huwa nayo bila maumivu yoyote. Tena uko ugonjwa wa kichocho cha mkojo, ambao watu wa mkoa huu huupata hasa katika mabwawa na madimbwi yenye konokono. Kichocho hicho chaweza kuumiza viungo vya uzazi vya mwanamke, lakini dawa yake ni vidonge vya prazikwanteli, navyo vinajulikana.

Hapa yafaa tuseme habari ya mkoa wetu wenyewe, maana dunia ilijifunza kitu kutoka Mwanza. Kuanzia mwaka 1991, watafiti wa Tanzania na Uingereza walijaribu jambo jepesi katika vijiji vya mkoa huu. Waliwafundisha wahudumu wa zahanati na vituo vya afya kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, na wakahakikisha dawa zipo. Habari zake zilichapishwa mwaka 1995: maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI yalipungua kwa karibu asilimia 40 katika vijiji vile, yakilinganishwa na vijiji vingine. Utafiti ule ulitafuta habari za UKIMWI, haukuhesabu watoto. Lakini magonjwa yaliyotibiwa pale ni yale yale yanayoziba mirija. Kwa hiyo mimi humhesabu mhudumu wa zahanati kuwa mmoja wa wataalamu wa uzazi, ingawa yeye mwenyewe huenda akacheka akisikia hivyo.

Sasa, ikiwa mirija yote miwili imeziba kabisa, yai na mbegu zitakutana wapi? Swali hili liliwashughulisha watu watatu huko Uingereza kwa miaka kumi. Wa kwanza ni Bwana Robert Edwards, mtaalamu wa elimu ya viumbe, wala hakuwa daktari wa kutibu watu. Wa pili ni Daktari Patrick Steptoe, mpasuaji wa mji wa Oldham, aliyejua kuingiza bomba jembamba lenye taa karibu na kitovu na kuona viungo vya ndani bila kupasua tumbo lote. Wa tatu ni Bibi Jean Purdy, mwuguzi, aliyeanza kazi kwa Edwards mwaka 1968 na kuwa mkuu wa kazi ya maabara. Bibi mmoja aliyekuwa na mirija iliyoziba alitolewa yai moja, likaunganishwa na mbegu za mumewe ndani ya chombo cha kioo. Purdy ndiye aliyeona kwanza katika hadubini kwamba limegawanyika. Tarehe 25 Julai 1978 alizaliwa Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani kupatikana kwa njia hii.

Kilipowekwa kibao cha ukumbusho hospitalini, Edwards aliandika barua kutaka jina la Purdy liwemo. Halikuwekwa. Purdy alifariki mwaka 1985, Steptoe mwaka 1988. Tuzo ya Nobel ilikuja mwaka 2010, akapewa Edwards peke yake, maana tuzo hiyo hawapewi waliokufa. Jina la mwuguzi yule liliandikwa katika kibao kipya mwaka 2015, miaka 30 baada ya kifo chake.

Kazi aliyoianza Purdy leo ina wenyewe: ni wataalamu wa viinitete. Kiinitete ni yai lililokwisha kuungana na mbegu na kuanza kukua. Wagonjwa wengi hawamwoni kabisa mtaalamu huyu. Tazameni jinsi kazi inavyokwenda.

Mke hupigwa sindano za homoni kwa siku 10 hivi ili mayai kadhaa yakomae pamoja. Hupigwa sindano ya mwisho, na saa 36 baadaye mayai hutolewa. Daktari wa usingizi humlaza. Daktari wa uzazi hupitisha sindano ndefu nyembamba ukeni, akiongozwa na ultrasound. Wazee mnisamehe, haya siwezi kuyasema kwa mafumbo. Maji yanayotolewa hupelekwa mara moja chumba cha pili, na hapo mtaalamu wa viinitete huyatafuta mayai. Yai ni sehemu moja ya kumi ya milimita. Ni dogo kuliko chembe ya mchanga wa ufukweni kwetu.

Mayai na mbegu huwekwa pamoja katika kisahani. Kama mbegu ni chache mno, mtaalamu huchukua mbegu moja na kuiingiza ndani ya yai kwa sindano nyembamba kuliko unywele. Ufundi huo ulifanikiwa Brussels, nchi ya Ubelgiji, mwaka 1992. Kisahani huingia katika sanduku la joto la nyuzi 37, sawa na joto la mwili. Kuku huatamia siku 21; sanduku hili huatamia siku 3 hadi 5 tu, kisha kiinitete kimoja, au viwili, hurudishwa katika mfuko wa uzazi wa mke. Siku hizo chache zina hatari zake. Umeme ukikatika bila jenereta, kazi imeharibika. Hata manukato hayaruhusiwi chumbani, kwa sababu harufu yake yaweza kudhuru viinitete. Na kila chombo kinapohamishwa, watu wawili husoma jina pamoja, asije mke wa Juma akapewa mtoto wa Hamisi. Mnaona basi faida ya kujua kusoma? Unapopewa fomu, soma jina lako mwenyewe, na la mwenzako, kabla ya kutia sahihi.

Njia hii imekwisha kufika kwetu Afrika Mashariki. Kampala, katika hospitali ya Daktari Edward Tamale-Sali, mtoto wa kwanza alizaliwa mwaka 2004. Nairobi walifuata mwaka 2006, kwa kazi ya Daktari Joshua Noreh na wenzake. Dar es Salaam nako viko vituo vinavyofanya kazi hiyo.

Lakini nisiwadanganye. Gharama yake ni mamilioni ya shilingi, na fedha hizo hazirudi mimba isipoingia. Hata Uingereza, kiinitete kilichorudishwa kwa mwanamke aliye chini ya miaka 35 huleta mtoto mara 1 hivi katika 3. Kwa mwanamke wa miaka 43, ni kama mara 1 katika 20. Kwa hiyo kliniki nzuri huwa na mtaalamu mwingine, mshauri, ambaye kazi yake ni kukaa na mume na mke kabla hawajauza ng'ombe, na baada ya jibu kuja. Kliniki isiyotaka kukuambia hesabu zake, au inayokuahidi mtoto kwa hakika, iogope. Vivyo hivyo mwuza chupa za "kusafisha kizazi" sokoni. Mwulize aliiona wapi mirija yako.

Wengi hawatahitaji kufika huko. Anzeni zahanati iliyo karibu, mume na mke pamoja, mkaombe kupimwa magonjwa ya zinaa na kupewa barua ya kwenda hospitali ya wilaya. Ikilazimu, mtapelekwa Bugando, hospitali kubwa ya rufaa ya Kanda ya Ziwa. Chukueni daftari moja. Ndani yake mwandike tarehe za hedhi kwa miezi 3, magonjwa mliyowahi kuugua, na dawa mlizokunywa, pamoja na zile za kienyeji. Daktari akiona daftari hilo atashukuru, maana litampunguzia nusu ya maswali.

Mwalimu wa darasa, sasa zima redio. Wanafunzi wafunge vitabu na kueleza kwa maneno yao wenyewe kazi ya kila mmoja wa hawa: mtu wa maabara, daktari bingwa wa wanawake, mtaalamu wa viinitete, mshauri. Kisha wanaume wajibu swali hili, na wanawake wasikilize: ni jambo gani humzuia mume kwenda kupimwa?