Safari ya Siku Mbili Ng'ambo ya Mto Rhein

Nyumbani kwetu barua husomwa kwa sauti. Mama yangu mzazi ana miaka 80 na zaidi, macho yake yamepungua nuru, wala hapendi habari za simu. Husema maneno ya simu hupita kama moshi, bali karatasi hukaa. Kwa hiyo mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alipokwenda Ujerumani kujifunza elimu ya misitu katika chuo kikuu cha Freiburg, bibi yake alimwagiza amwandikie kwa mkono kila aonapo jambo la kuonwa. Barua ninayowaeleza leo ni ile ya mwezi wa Mei 2023, habari za safari yake ya Jumamosi na Jumapili katika mji wa Strasbourg, nchi ya Ufaransa. Niliisoma barazani baada ya sala ya jioni, nami sikujua itatufikisha wapi.

Mwalimu aliye na ramani ya Ulaya na awaonyeshe watoto ile kona ya Ujerumani iliyo kusini-magharibi. Hapo mto Rhein ndio mpaka: mashariki yake ni Ujerumani, magharibi yake ni Ufaransa. Kijana aliondoka Freiburg alfajiri kwa gari la moshi (twaliita hivyo ingawa la huko halitoi moshi), akabadili gari Offenburg, akashuka Kehl, mji wa mwisho wa Kijerumani. Tangu mwaka 2017 iko tramu ivukayo mto mpaka Strasbourg, lakini mfuko wa mwanafunzi wajulikana ulivyo, naye akaona heri miguu. Mkobani alikuwa na mkate, mayai ya kuchemsha, chupa ya maji, na pasi yake pamoja na kadi ya ruhusa ya kukaa Ujerumani.

Akavuka kwa daraja la waendao kwa miguu na kwa baiskeli, lililofunguliwa mwaka 2004. Lina njia mbili, ambazo huachana ukingoni na kukutana katikati ya mto, na hapo pana kiwanja kidogo cha kusimama. Akasimama, akatazama maji yakipita na mashua ndefu za mizigo. Watu walipita wakisukuma watoto katika vigari, na wengine wakienda ng'ambo ya pili kununua vitu vya nyumbani, kisha kurudi. Hakuna aliyemwuliza neno. Nchi hizi zimo katika mapatano yaliyotiwa sahihi Schengen mwaka 1985, ya kuondoa ukaguzi mipakani. Na fedha zao ni moja, euro, ambayo noti zake zilianza kutumika mwaka 2002. “Bibi,” aliandika, “nilivuka kama sisi tuvukavyo kijito kwenda shambani.” Mama akacheka, akasema, “Kwetu mpakani utaulizwa hata jina la kuku wako.” Lakini msomaji mwenye mtoto huko asidanganyike: Ujerumani ilirudisha ukaguzi katika mipaka yake yote ya nchi kavu mwezi Septemba 2024. Kijana asafiri na hati zake, hata kama ni mwendo wa dakika kumi.

Kutoka darajani mpaka kanisa kuu ni mwendo wa saa moja hivi. Kanisa hilo limejengwa kwa mawe mekundu yatokayo katika milima ya Vosges, nalo lina mnara mmoja tu, uliomalizika mwaka 1439. Urefu wake ni meta 142. Na kuanzia mwaka 1647 mpaka 1874 halikuwako duniani jengo lililoupita. Ndani yake mna saa kubwa ya ajabu. Mitambo yake ya sasa ilikamilika katika miaka ya 1840 kwa kazi ya fundi Schwilgué, nayo haionyeshi saa peke yake, bali na mwendo wa sayari, na siku ya Pasaka ya kila mwaka. Kila robo ya saa hutokea sanamu ya umri wa mwanadamu: robo ya kwanza mtoto, ya pili kijana, ya tatu mtu mzima, ya nne mzee. Mauti ndiyo ipigayo saa. Na saa sita na nusu mchana Mitume kumi na wawili hupita mbele ya Bwana Yesu, mmoja mmoja, naye huwabariki. Na juu yao jogoo hupiga mabawa na kuwika mara tatu. Watu mamia walikuwa wamesimama vichwa juu, wengine wakicheka. Kijana aliandika kwamba jogoo alipowika mara ya tatu yeye hakucheka, akamkumbuka Petro uani kwa kuhani mkuu. Watoto wetu barazani walitaka sehemu hii isomwe tena, nikaisoma mara tatu, sawa na jogoo.

Akala mayai yake chini ya sanamu ya Gutenberg, bwana wa kupiga chapa, ambaye alikaa mji huo zamani za miaka ya 1430. Mshikeni kwa heshima, enyi wasomaji wa gazeti. Kisha akaenda mpaka uwanja uitwao Place de la République, na hapo ndipo barua yake ilipobadilika.

Imewapasa kwanza kujua mambo ya mji huu. Strasbourg ni mji mkuu wa jimbo la Alsace. Wafaransa na Wajerumani walipopigana mwaka 1870, mji ulizingirwa na kupigwa mizinga, maktaba yake ikateketea pamoja na vitabu vya karne nyingi. Mwaka uliofuata jimbo likawa la Ujerumani. Mwaka 1918 likarudi Ufaransa. Mwaka 1940 Hitler akalitwaa. Mwezi Novemba 1944 mji ukakombolewa. Mtu aliyezaliwa huko mwaka 1869 na kuishi miaka 76 alibadilishiwa nchi mara nne, naye hakuhama nyumba yake. Na kila nchi ilipokuja ilidai vijana wake. Katika vita ya 1914 wanaume wapatao 380,000 wa Alsace na Lorraine walitumika katika jeshi la Ujerumani, na wengine, wachache zaidi, walivuka wakapigana upande wa Ufaransa. Tangu mwaka 1942 Wajerumani waliwalazimisha tena watu wapatao 130,000 wa Alsace na Moselle kuvaa sare yao. Makumi ya maelfu hawakurudi.

Basi, ilipojengwa sanamu ya kuwakumbuka waliokufa, iliyofunguliwa mwaka 1936, mchongaji Drivier alikuwa na kazi ngumu. Angeivika sare ya nani? Alichonga mama ameketi, na wanawe wawili wanakufa mikononi mwake. Mmoja amekufa kwa ajili ya Ujerumani, mmoja kwa ajili ya Ufaransa. Wote wawili ni uchi, hawana sare wala kofia wala bunduki, na mikono yao imeshikana. Chini yameandikwa maneno machache tu: kwa wafu wetu. Nchi haikutajwa.

Mpwa wangu alizunguka jiwe lile mara nyingi akitafuta yupi ni yupi. “Mjomba,” aliandika, “nilikumbuka yule askari wa sanamu pale Dar es Salaam, ambaye ana sare yake na bunduki yenye singe, hata mgeni akajua mara moja alikuwa wa upande gani. Hawa sikuwajua.”

Nilipofika hapo mama akasema, “Ngoja.” Nikaiweka barua chini. Akakaa kimya kitambo, kisha akatueleza habari ambayo mimi, mtoto wake wa miaka arobaini na kitu, sikupata kuisikia.

Babu yangu mzaa mama tulijua alikuwa mpagazi wa Waingereza katika vita ile. Alikuwa Mombasa akitafuta kazi, akaandikwa katika kile kikosi cha wachukuzi kilichoacha jina lake mjini Dar es Salaam, Kariakoo. Jambo ambalo hatukulijua ni kwamba alikuwa na kaka. Kaka huyo alibaki nyumbani Usambara, na mwaka 1916, Wadachi walipokuwa wakirudi nyuma kwenda kusini, wakamtwika mzigo akaenda nao. Vita ikaendelea huku kwetu mpaka Novemba 25, 1918, jeshi la Wadachi lilipoweka silaha chini huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Wapagazi kwa makumi ya maelfu, wa pande zote mbili, walikwisha kufa kwa njaa na maradhi. Babu akarudi na blanketi moja na kikohozi. Kaka hakurudi, wala hakuja mtu wa kusema alilala wapi. Matanga hayakuwekwa, kwa maana hakuna aliyeleta habari ya kifo. Na jina lake halikupewa mtoto yeyote, kwa maana humpi mtoto jina la mtu ambaye huenda yu njiani.

“Baba alibeba masanduku ya risasi,” mama akasema. “Alituambia jambo hili mara moja tu, mimi ni msichana. Akasema, nilibeba, nikatua, na mwingine akabeba, na sikujua zilikwenda kumpiga nani.”

Hakuna aliyejibu. Taa ilikuwa ikipungua, dada yangu akaondoka kuitengeneza.

Yaliyosalia katika barua niliyasoma kesho yake: alivyolala katika nyumba ya wageni ya vijana, sita chumba kimoja, alivyokula mkate mwembamba kama chapati, wenye malai na vitunguu juu yake, akausifu kupita kiasi, na alivyosali Jumapili katika kanisa la Kilutheri la Mtakatifu Tomaso, ambamo mna kinanda kilichojengwa na Silbermann mwaka 1741, na ambacho Mozart alikipiga mwaka 1778, na baadaye Albert Schweitzer, yule daktari wa Lambarene. Ibada ilikuwa kwa Kifaransa, hakufahamu mahubiri, lakini sauti ya wimbo wa pili aliijua tangu shule ya Jumapili, akaimba kwa Kiswahili. Jioni akavuka daraja akarudi.

Mama alisikiliza yote, lakini moyo wake ulikuwa uwanjani kwa yule mama wa jiwe. Akaniambia nichukue karatasi nimjibu kijana. Nikaandika alivyosema: kwamba siku akienda tena achukue maua, ayaweke katikati ya wale wawili, asiyaelekeze kwa mmoja. Kisha akataja jina la baba yake mkubwa, akaniagiza niliandike katika orodha ya marehemu watakaosomwa Jumapili ya kuwakumbuka wafu, karibu na jina la babu. Nimeliandika. Hapa gazetini silitaji, kwa kuwa amesema lisikike kwanza kanisani.