Daftari jeupe, visoda mfukoni: Mtoto wa darasa la kwanza amejifunza nini wiki hii?

Ijumaa jioni, sare ikiwa imeshalowekwa kwenye beseni, wazazi wengi hufungua begi la mtoto wa darasa la kwanza kuona wiki imekwendaje. Daftari la hesabu lina ukurasa mmoja tu. La kuandika lina mistari minne, nusu yake imefutwa kwa mate. Chini ya begi kuna visoda, vijiti vilivyofungwa kwa uzi na kipande cha boksi kilichoandikwa "ma". Mtoto akiulizwa wamefanya nini shuleni, anajibu kwa furaha: tumecheza.

Hapo ndipo malalamiko huanza. Mtoto wa jirani, anayesoma shule nyingine, ana daftari lililojaa mpaka pembeni, tiki nyekundu kila ukurasa. Kwenye kundi la WhatsApp la wazazi mtu anauliza kama mwalimu huyu anafundisha au analea. Mwalimu akisikia maneno hayo, ana njia rahisi sana ya kujinusuru. Jumatatu anaandika ubaoni 1 hadi 50, watoto wananakili, madaftari yanajaa na wazazi wananyamaza. Lakini mtoto aliyenakili mpaka 50 bila kujua kwamba 14 ni kumi na nyingine nne, anabaki na pengo hilo hilo mpaka upimaji wa KKK wa darasa la pili. Siku hiyo hakuna ubao wa kunakili.

Kabla ya kumlaumu mwalimu wa visoda, ni vizuri mzazi ajue wiki yake inavyopangwa, na kwa nini ukurasa wa daftari mara nyingi huja mwisho.

Dakika 30, watoto 60

Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30. Darasa likiwa na watoto 60, na zipo shule nyingi za serikali ambazo idadi hiyo ingekuwa nafuu, kila mtoto ana nusu dakika ya mwalimu. Nusu dakika haitoshi hata kumwonyesha mtoto namna ya kushika penseli.

Mwalimu anayefundisha kwa vitendo hulitatua hilo kwenye karatasi kabla ya kuingia darasani. Azimio la kazi humwambia nini kifundishwe wiki gani. Andalio la somo ndilo huamua nani atafanya nini, kwa kutumia kifaa gani, na mwalimu atajuaje kwamba wameelewa. Swali hilo la mwisho ndilo gumu, na ndilo huachwa wazi mwalimu akiandika andalio ili tu mkaguzi alikute.

Njia mojawapo ni kuwagawa watoto 60 katika vikundi vitano vya watoto 12. Kila siku kikundi kimoja kinakaa mkekani na mwalimu kwa dakika 15, huku vingine vikiwa na kazi ambayo watoto wanaiweza bila kuulizauliza: kikundi kimoja kinapanga kadi za silabi, kingine kinaandika kwa kidole kwenye sinia lenye mchanga, viwili vinafanya zoezi fupi daftarini. Kwa mpango huo kila mtoto anapata zaidi ya dakika moja ya kuangaliwa na mwalimu kwa karibu, mara moja kwa wiki, bila kukosa. Ni kidogo, ndiyo. Ila katika darasa la kunakili ubao, mtoto mkimya wa dawati la nyuma anaweza kumaliza muhula mzima bila kuipata.

Mpango huu unapunguza pia vifaa. Kila mtoto akihitaji visoda 20 kwa wakati mmoja, darasa la watoto 60 linataka visoda 1,200, na hakuna mwalimu wa kubeba mzigo huo kwenye daladala. Kikundi cha watoto 12 kinataka 240. Hivyo vinaenea kwenye ndoo ndogo ya rangi, na kesho vinatumiwa na kikundi kingine.

Namba 14 inavyoanza na kuishia

Chukua wiki ya namba 11 hadi 19, ambazo huwasumbua watoto wengi. Jumatatu hakuna daftari kabisa. Watoto wanahesabu vijiti kumi, wanavifunga kwa uzi, kisha wanaongeza kimoja kimoja pembeni. Fungu moja na vijiti vinne: kumi na nne. Lugha ya Kiswahili inawapa upendeleo hapa, kwa sababu jina lenyewe la namba linataja yaliyomo. Mtoto akilitamka taratibu huku ameshika fungu mkono mmoja na vijiti vinne mkono wa pili, kazi kubwa imeshafanyika.

Jumanne wanarudia kwa visoda, ili wasidhani namba ni tabia ya vijiti. Jumatano wanachora: mviringo mmoja mkubwa kwa fungu la kumi, vistari vinne kwa vilivyobaki. Tarakimu zenyewe, 1 na 4 zikiwa zimekaa pamoja, zinakuja Alhamisi. Wakati huo mtoto anajua kwamba ile 1 ya mbele ni fungu zima wala si kijiti kimoja. Kwa hiyo mzazi anayefungua daftari Jumatano usiku na kukuta miviringo, ameikuta namba ikiwa njiani. Mwalimu akiruka siku tatu za mwanzo, daftari litajaa Jumatatu ileile, na kosa litaonekana baadaye, kwenye kutoa kwa kukopa, pale mtoto atakapoambiwa akope kumi asijue anakopa nini.

Kusoma kunakwenda vivyo hivyo. Kadi za boksi zenye ma, me, mi, mo, mu zinachanganywa na silabi za wiki zilizopita. Mtoto anaweka "ma" na "ji", anapata maji. Anaiondoa "ji", anaweka "ma" ya pili, anapata mama, na mara nyingi anacheka. Aliyekariri ukurasa mzima wa kitabu kwa kuimba hawezi kufanya hivyo, maana ukimbadilishia silabi moja tu wimbo unakatika.

Alhamisi hiyohiyo, kwenye afya na mazingira, mwalimu anaweza kuwapaka watoto wachache mafuta kidogo ya kupikia viganjani pamoja na unga wa mkaa. Nusu yao wananawa kwa maji matupu kwenye kibuyu chirizi, nusu kwa maji na sabuni, wote kwa muda wa kuhesabu taratibu mpaka 20. Kisha wanalinganisha mikono. Weusi uliobaki kwenye mistari ya kiganja na chini ya kucha za wale wa maji matupu unamaliza ubishi, na somo linafika nyumbani siku hiyohiyo: mtoto atamsimamia baba yake kabla ya ugali.

Mkono bado unakua

Sababu nyingine ya kutokimbilia daftari iko ndani ya mkono wenyewe. Kifundo cha mkono kina mifupa midogo minane. Mtoto anapozaliwa, sehemu hiyo bado ni gegedu, na mifupa inajengeka mmoja baada ya mwingine kwa miaka kadhaa. Wa mwisho huanza kuonekana kwenye picha ya eksirei mtoto akiwa na miaka tisa hivi au zaidi. Misuli midogo ya vidole nayo inahitaji kazi ili ikomae. Mtoto wa miaka sita anayeshika penseli kwa ngumi na kukandamiza mpaka karatasi inachanika, mara nyingi si mvivu. Vidole vyake havijapata kazi ya kutosha.

Kazi hiyo ni kufinyanga udongo, kutunga shanga, kuchambua mchele, kupuchua mahindi, kufunga na kufungua vifungo, kukamua kitambaa chenye maji. Aliyelijua hilo mapema alikuwa daktari. Maria Montessori, Mwitaliano aliyehitimu udaktari Rome mwaka 1896, alifungua darasa lake la kwanza mwaka 1907 kwa watoto wa mtaa maskini wa jiji hilo, na alitengeneza herufi za msasa ili kidole kizipitie kabla ya penseli. Leo jina lake huonekana zaidi kwenye mabango ya chekechea za ada kubwa, jambo linalosikitisha kidogo, kwa sababu sinia na mchanga wa mfereji uliochekechwa hufanya kazi hiyohiyo bure.

Anayeitwa mzito

Faida moja ya masomo ya vitendo haizungumzwi sana kwenye vikao vya wazazi. Mwalimu anapokaa mkekani na watoto 12, anaona ambayo dawati linaficha.

Anaona mtoto anayeinamia kadi mpaka pua inakaribia kuigusa, au anayegeuza kichwa ili atumie jicho moja. Anaona mwingine anayepanga kadi vizuri akiiangalia, lakini akitajiwa "pa" anachukua "ba", akitajiwa "ta" anachukua "da", na akiitwa kwa nyuma hageuki. Darasani, watoto hawa huitwa wazito. Wanarudishwa nyuma, wengine wanachapwa, nyumbani wanalinganishwa na wadogo zao. Kumbe mmoja anahitaji miwani, na mwingine ana sikio lililotoa usaha miezi mingi likatibiwa kwa mafuta ya moto.

Usaha sikioni si dalili ya kukua wala ya kuota meno. Mtoto apelekwe kituo cha afya, asiwekewe mafuta, maziwa wala dawa ya mtu mwingine. Maambukizi ya sikio la kati yakiachwa yajirudie yanaweza kupunguza usikivu, na hii ni miaka ambayo mtoto anajifunza kutofautisha sauti za herufi. Kwa macho, mzazi hana haja ya kusubiri mtoto alalamike. Mtoto ambaye hajawahi kuona vizuri hajui kwamba wengine wanaona tofauti. Ukisikia kutoka kwa mwalimu kwamba anasogelea sana kadi au ubao, omba apimwe macho kabla ya kumtafutia mwalimu wa tuisheni.

Mwalimu asiye na muda wa kukaa mkekani hawezi kukuletea taarifa hiyo.

Visivyofaa kuwekwa kwenye begi

Wiki ya vitendo hutegemea vitu vya nyumbani, na ujumbe wa mwalimu kuomba makopo au mbegu huja, aghalabu, usiku wa Jumapili. Katika haraka hiyo mzazi huokota chochote. Baadhi ya vitu ni hatari.

Maharage na mbegu ndogo ndivyo huongoza kwa kuingia puani na masikioni. Harage likipata unyevunyevu huvimba, kwa hiyo usimwagie maji wala usichokonoe kwa pini au kijiti cha pamba, kwani unalisukuma ndani zaidi. Nenda kituo cha afya. Betri ndogo za duara, zile za saa, rimoti na midoli ya taa, zisikae kabisa karibu na mtoto. Ikiingia puani au ikimezwa inaweza kuunguza nyama za ndani ndani ya saa chache, na hiyo ni dharura hata kama mtoto hana dalili yoyote.

Zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi, ambazo hutungwa kama shanga, zina sumu kali zikitafunwa. Mbegu za mnyonyo na za mbono nazo ni sumu. Hata kama ni nzuri na zinahesabika, zisiende shuleni. Makopo ya viuatilifu hayawi salama kwa kuoshwa. Vichupa vya dawa navyo ni bora viachwe, kwa sababu mtoto aliyezoea kuvichezea darasani hatajua tofauti siku atakapokutana na chenye vidonge vya bibi.

Visoda vyenyewe vioshwe kwa sabuni, vyenye kutu vitupwe, vyenye makali vigongwe kwa jiwe mpaka vilale. Vya plastiki, vile vya chupa za maji, ni vikubwa na havikati, na kwa darasa la kwanza ndivyo bora. Muuza vinywaji wa mtaani atakupa mfuko mzima ukimwomba.

Mtoto mwenyewe ndiye avihesabu kabla ya kuviweka kwenye begi. Avipange barazani kumi kumi, aseme amepata mafungu mangapi na vimebaki vingapi. Akikosea, mwache avimwage aanze tena. Na Ijumaa ijayo, kabla ya kufungua daftari, mpe vijiti vya kiberiti vilivyokwisha kutumika umwambie akuonyeshe 17. Kama atafunga kumi na kuweka saba pembeni, mwalimu wake alikuwa kazini wiki nzima.