"Mvua za wastani" ni mvua gani?

Kila msimu wa mvua unapokaribia, Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa taarifa yake nasi watangazaji huisoma: mikoa fulani itegemee mvua za wastani hadi juu ya wastani, na mingine mvua za chini ya wastani. Miezi michache baadaye malalamiko huanza. Mlisema wastani, mbona mahindi yamekauka? Huo wastani ulinyesha kwa nani?

Swali ni la haki. Jibu lake limo katika hesabu ya darasani ambayo wengi wetu tuliifanya, tukafaulu mtihani, kisha tukaisahau.

Wastani huo hupatikana kwa kujumlisha mvua za miaka mingi na kuzigawa kwa idadi ya miaka. Shirika la Hali ya Hewa Duniani hutumia miaka 30, na kipindi kinachotumika sasa ni cha kuanzia 1991 hadi 2020. Hapa kwetu, mvua ya msimu ikifikia kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu, huitwa mvua ya wastani. Ikizidi hapo ni juu ya wastani, ikipungua ni chini. Basi mahali penye wastani wa milimita 600, mvua ya milimita 450 ni ya wastani, na ya milimita 750 nayo ni ya wastani! Tofauti ni milimita 300, na kila milimita moja ni lita moja ya maji katika kila mita ya mraba ya shamba.

Hilo ni jambo la kwanza. La pili ni zito zaidi, na nitalieleza kwa miji miwili ya kubuni. Mji wa kwanza, kwa misimu mitano, ulipata milimita 580, 610, 600, 620 na 590. Mji wa pili ulipata 250, 300, 380, 420, kisha ukaja mwaka wa gharika, kama ule wa El Niño ya 1997/98, ukaleta 1,650. Mwenye kalamu na ajumlishe. Kila mji una jumla ya milimita 3,000, na wastani wa 600. Kwenye karatasi ni mapacha.

Lakini katika mji wa pili hakuna hata msimu mmoja uliopata mvua inayokaribia 600. Misimu minne kati ya mitano iko chini ya 450, yaani chini ya wastani. Mwaka mmoja wa mafuriko umeubeba wastani na kuupandisha juu, ukawaacha wakulima chini wakitazama. Ukizipanga namba hizo kuanzia ndogo hadi kubwa na kuchukua ile ya katikati, ambayo vitabu huiita mediani, unapata 380. Gharika ingeleta hata milimita 3,000, namba hiyo isingetikisika.

Halafu pima mtawanyiko. Njia ya haraka ni kutoa ndogo kabisa kutoka kubwa kabisa: mji wa kwanza 40, mji wa pili 1,400. Njia hiyo ina kasoro ya kutazama namba mbili tu na kuzisahau nyingine. Ndiyo maana wanatakwimu huchukua tofauti ya kila mwaka na wastani, huizidisha kwa yenyewe, hutafuta wastani wa majibu hayo, kisha hutafuta kipeuo chake cha pili. Kwa mji wa kwanza inakuja kama 14, kwa mji wa pili kama 528. Mwanafunzi anayelalamika kwamba hesabu hii haina kazi maishani na azitazame namba hizo mbili tena.

Sasa ni namba ipi ya kweli? Zote ni za kweli, ila kila moja ina mwenyewe. Anayesimamia bwawa kubwa kama la Mtera anaujali wastani, kwa sababu maji ya mwaka mzuri yanaweza kuwekwa akiba kwa mwaka mbaya. Mkulima hana bwawa. Huyo apangie 380, na hapo mtama au uwele una nafasi kubwa kuliko mahindi. Mhandisi wa mitaro ya mji naye aachane na zote mbili, aitazame 1,650. Desemba 2011 zaidi ya watu 40 walifariki katika mafuriko ya Dar es Salaam, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Maji yaliyoingia ndani ya nyumba zile yalikuwa ya siku chache, wala hayakugawanywa kwa miaka 30 kwanza.

Kwa hiyo taarifa ya msimu isomwapo tena, usizime redio ukishasikia neno wastani. Huwa inaendelea kueleza mvua zitaanza lini, zitakoma lini, na kama kutakuwa na vipindi virefu vya ukavu katikati. Kwa aliyekwisha kupanda, wiki tatu kavu zinaweza kuua mahindi hata kama jumla ya msimu itafika 600 kamili.