Zimwi Lisilosema: Lugha, Sauti na Mvuto wa Filamu ya The Texas Chain Saw Massacre

Ikisiri

Filamu ya The Texas Chain Saw Massacre (1974) ilitengenezwa kwa fedha kidogo na kupigwa marufuku katika nchi kadhaa. Hata hivyo, ingali inatazamwa na kujadiliwa nusu karne baadaye. Makala hii inaeleza chanzo cha mvuto huo. Hoja yake ni kwamba mvuto haumo katika damu, ambayo ni haba, bali katika namna lugha inavyoporomoka hatua kwa hatua mbele ya mtazamaji, hadi nafasi yake ikatwaliwa na sauti isiyo na neno.

1.0 Utangulizi

Katika miaka ya 1970, soko la sinema la Marekani lilikuwa na kundi kubwa la filamu zilizotengenezwa haraka, kwa gharama ndogo, na kuuzwa kwa ahadi ya mshtuko: ukatili, uchi, au jambo lolote ambalo kampuni kubwa za Hollywood zilisita kulionesha. Nyingi kati ya hizo zimesahaulika. Filamu inayojadiliwa hapa haikusahaulika. Iliongozwa na Tobe Hooper, akaiandika kwa ushirikiano na Kim Henkel, na kupigwa picha jimboni Texas katika kiangazi cha 1973 kwa kamera ya filamu ya milimita 16, ikiwa na waigizaji wasiojulikana. Kisa chake ni chepesi: vijana watano wako safarini, wanne wanauawa na familia ya wala watu, mmoja, Sally, ananusurika.

Wahakiki wametoa maelezo mbalimbali. Robin Wood aliona katika familia hiyo sura iliyofichwa ya jamii ya kibepari. Carol Clover (1992) alionesha jinsi mtazamaji, awe mwanamume au mwanamke, anavyoishia kusimama upande wa msichana anayenusurika. Maelezo hayo yana uzito, lakini yanagusa kwa uchache suala la lugha, ambalo ndilo kiini cha makala hii.

2.0 Damu Isiyokuwapo

Anayelisikia jina la filamu hii hutarajia machinjo. Anachokiona ni kingine. Hooper alipunguza damu kwa makusudi, akitumaini kupewa daraja ambalo lingeruhusu hata vijana kuitazama. Hakufanikiwa, lakini uamuzi huo ndio ulioipa filamu nguvu. Pam anapotundikwa kwenye ndoana ya nyama, kamera haioneshi chuma kikipenya mwilini. Inaonesha uso wake, miguu inayoning'inia, na beseni lililokwisha kuwekwa chini yake. Beseni hilo ndilo linalotisha, kwa kuwa linamjulisha mtazamaji kwamba kazi hii imezoeleka. Kati ya wanne wanaouawa, ni mmoja tu anayeuawa kwa msumeno wa mnyororo, tena gizani.

Ushahidi mzuri zaidi unatoka Uingereza. Chombo cha kupanga filamu kwa madaraja nchini humo kiliikataa filamu hii mwaka 1975, na haikuidhinishwa kikamilifu hadi 1999. Katika kipindi hicho ilijaribiwa njia ya kukata vipande vyenye ukatili, ikaonekana kwamba haiwezekani: hapakuwa na kipande mahususi ambacho kingeondolewa na hofu ikaondoka nacho. Hofu ilikuwa imeenea katika filamu nzima, hususan katika masikio.

3.0 Hatua za Kuporomoka kwa Lugha

Filamu inaanza kwa lugha yenye mamlaka. Maandishi yanapita kwenye skrini huku sauti tulivu ya mwanamume ikiyasoma, mithili ya taarifa ya habari, na kutaja tarehe ya mkasa: 18 Agosti 1973. Inafuata sauti ya redio ikitangaza ufukuaji wa makaburi. Baadaye, garini, Pam anasoma utabiri wa nyota. Taarifa, habari na utabiri: zote ni tanzu zinazomwahidi msikilizaji kwamba ulimwengu unaelezeka. Ahadi hiyo ni ya uongo tangu mwanzo, kwa kuwa mkasa unaosimuliwa haukutokea. Kilichokuwapo ni matendo ya Ed Gein, aliyekamatwa mwaka 1957 katika jimbo la Wisconsin, mbali na Texas, na ambaye hakutumia msumeno wa aina hiyo. Filamu ilitoka Oktoba 1974, miezi miwili baada ya Rais Richard Nixon kujiuzulu kutokana na kashfa ya Watergate. Hadhira yake ya kwanza ilikwisha kujifunza kwamba sauti rasmi na tulivu inaweza kudanganya.

Hatua ya pili ni mazungumzo yanayopoteza kazi yake. Kijana waliyempa lifti anawasimulia habari za machinjioni, kwamba nyundo ya zamani ilikuwa bora kuliko mashine mpya iliyowanyima watu kazi, kisha ghafla anajikata kiganja kwa kisu. Mpishi, mkubwa wa familia, anambembeleza Sally kwa maneno ya upole huku akimchoma kwa mpini wa ufagio. Maneno ya huruma yapo, maana yake imeondoka.

Hatua ya tatu ni mezani. Sally anasihi, anaahidi, anajaribu kila kitendo-usemi alichonacho, hakuna kinachopokelewa. Inapobaki sauti ya kilio tu, wenyeji wake wanakiiga na kukicheka. Kuanzia hapo hadi mwisho, filamu haina mazungumzo ya maana. Ina ukelele wa mtu na ngurumo ya injini.

4.0 Zimwi Lisilosema

Msomaji wa Kiswahili analo kipimo chake mwenyewe cha jambo hili. Katika ngano nyingi za Afrika Mashariki, zimwi husema: huuliza, huimba, huweka masharti, na kwa sababu hiyo huweza kulaghaiwa. Hata methali isemayo kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha inachukulia kwamba kati ya zimwi na binadamu upo uhusiano unaoweza kutegemewa. Leatherface, mvaa kinyago cha ngozi ya watu aliyeigizwa na Gunnar Hansen, hana sifa hiyo. Anakoroma na kubwabwaja. Hatamki neno linaloeleweka. Haulizi jina la mtu wala hataki jambo linaloweza kujadiliwa. Werevu wa sungura haufai mbele yake. Linalofaa ni mbio tu.

5.0 Gharama ya Mvuto

Mvuto huu hauwezi kujadiliwa bila kutaja bei yake. Tukio la mezani lilipigwa picha kwa zaidi ya saa 24 mfululizo, katika joto kali, madirisha yamezibwa na mizoga halisi ikioza. Damu iliyotoka kidoleni mwa Marilyn Burns, aliyeigiza nafasi ya Sally, ilikuwa yake, kwa kuwa kifaa cha damu bandia kilishindwa kufanya kazi. Filamu iliingiza mamilioni ya dola. Waigizaji na mafundi waliambulia kidogo mno. Kwa hiyo sehemu ya kile ambacho mtazamaji hukiita uhalisi ni mateso ya watu waliokuwa kazini. Uhakiki unaosifu nguvu ya kilio cha Sally unawajibika kukumbuka kwamba si chote kilichokuwa maigizo.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba filamu iliyouzwa kwa ahadi ya damu imedumu kwa sababu nyingine. Inamchukua mtazamaji kutoka katika lugha inayodai kueleza kila kitu hadi mahali ambapo lugha haimwokoi mtu. Katika picha za mwisho, Sally amebebwa nyuma ya pikapu, akicheka na kulia bila neno. Leatherface anazungusha msumeno alfajiri. Kisha sauti inakatwa ghafla. Ukimya huo hauelezi lolote, na ndiyo maana watazamaji wamekuwa wakiujazia maneno yao tangu 1974.