Muji wa mugodi unajengwa kwa hatua: nyumba ya mufanyakazi iko ya ngapi?

Katika mikutano ya sendika hapa Butembo, na hata kule Beni, swali moja linarudi kila mara: siku kampani kubwa itakuja kuchimba dhahabu kwa mashini, muji wake utajengwa namna gani? Vijana wanaona mara moja barabara ya lami, taa na hospitali. Ndugu zangu, haviji vyote siku moja. Muji wa namna hiyo unajengwa kwa hatua, na mwenye kupanga ndiye anachagua nini itangulie.

Tuangalie Lubumbashi, wakati ule Élisabethville. Union Minière ilizaliwa 1906. Reli kutoka Rhodesia ilifika 1910, na mwaka huo muji ukapimwa, barabara zimenyooka kama mistari ya daftari. 1911 tanuru ya shaba ikawaka. Na mufanyakazi mweusi? Yeye alikuwa kambini, bila bibi, bila watoto, na mukataba wa miezi michache. Wengi walikufa na magonjwa, wengine walitoroka. Katikati ya mitaa ya Wazungu na ile ya Waafrika waliacha nafasi tupu, na hiyo nayo ilikuwa ndani ya mupango.

Nyumba ya familia ilikuja karibu miaka ishirini kisha. Mwisho wa miaka ya 1920 kampani ikaanza kutoa mikataba ya miaka mitatu, ikaruhusu bibi waje, ikajenga masomo na zahanati. Kuna wanaosema ilikuwa roho nzuri. Mimi naona hesabu: kutafuta mutu mupya kila mara, kumuleta toka mbali na kumufundisha kazi, ilikula pesa kuliko kumujengea nyumba. 1930 umeme wa maji wa Mwadingusha ukafuata, 1937 Kolwezi ikaanza.

Muji ulikua, mushahara ukabaki chini. Desemba 1941, wakati wa vita, wafanyakazi waligoma, na katika uwanja wa mpira wa Élisabethville askari wakapiga risasi. Karani Léonard Mpoyi, aliyewasemea wenzake, aliuawa pale pamoja na makumi ya wengine. Ruhusa ya sendika kwa Wakongomani ilitoka 1946. Yaani tanuru ilitutangulia miaka 35.

Kuna hatua nyingine ambayo haikuchorwa kwenye ramani yoyote: ile ya kufunga. Kisha serikali kuchukua mali ya Union Minière, Gécamines ilikuwa na masomo yake, hospitali zake, hata unga wa kila mwezi. 1990 mugodi wa Kamoto ukaporomoka. Mishahara ikachelewa, miezi na miezi. 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakatoka kazini kwa ile inaitwa « départs volontaires ». Volontaire ya nani, kama mutu hajalipwa muda wote huo?

Kwetu Butembo, muji ulijengwa zaidi na wafanyabiashara wenyewe, na jenereta zinanguruma. Lakini upande wa Beni kuna mufano mudogo: umeme wa maji wa Virunga uliwaka Mutwanga 2013, ndipo kiwanda cha sabuni kikafuata. Umeme kwanza, kazi kisha. Hiyo hatua inaeleweka.

Sasa tuko na chombo ambacho wazee wa 1941 hawakuwa nacho. Code minier iliyobadilishwa 2018 inalazimisha mwenye ruhusa ya kuchimba asaini cahier des charges na wenyeji, na atoe angalau 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo yao. Mukikaa mezani, musiulize tu kama maji na masomo vitakuja. Ulizeni tarehe. Ulizeni hospitali itabaki mikononi mwa nani siku dhahabu itaisha. Wakijibu « phase ya tatu », waseme phase ya tatu inaanza mwaka gani, waandike mbele ya kusaini, na kopi moja ibaki kwa sendika.